Muulize Bi Keria: Begi Kwanza, Tela Baadaye

Toleo lililopita niliponyokwa na mstari mmoja tu, kwamba chakula changu chote hutoka soko la Mgandini hadi Ngamiani, barabara ya kumi na mbili, hapa hapa Tanga mjini, kwa tela la baiskeli na begi nililoshona mwenyewe. Basi! Barua zimekuja kama dagaa. Mmoja kauliza kama nauza. Siuzi, mwanangu. Nimeshona viti vya daladala miaka ishirini na mitatu, vidole vimechoka. Kueleza nitaeleza, mdomo bado haujachoka.

*Shikamoo Bi Keria. Nipo Makorora, nyumba ina watu saba. Kila Jumatano na Jumamosi nakwenda Mgandini, na kurudi nakodi bajaji kwa shilingi 3,000 kwa sababu ya mzigo. Baiskeli ninayo, Phoenix ya marehemu baba, lakini nikijaza keria inanivuta nyuma, mbele kunakuwa kwepesi. Kwa wiki nanunua sembe kilo 10, mchele 10, viazi 5, maharage 4, vitunguu 3, sukari 3, mafuta lita 3 na nazi kumi. Je, tela litanifaa? Na begi liwe la namna gani?*
*Mama wa Makorora*

Marahaba mwanangu. Tuanze na pesa. Safari mbili ni shilingi 6,000 kwa wiki. Kwa wiki 52 ni 312,000. Ungepewa kwa mkupuo ungeezeka banda la kuku na chenji ikabaki. Kwa hiyo nakupa kipimo changu: fundi wa kuchomelea akikutajia bei inayozidi nauli zako za nusu mwaka, yaani 156,000, mshukuru, omba maji ya kunywa, nenda kwa mwingine.

Ila usianze kwa fundi. Anza na begi. Watu hufanya kinyume: wanatengeneza tela zuri, wanalipaka rangi nyekundu, halafu vitu vinatupwa humo kama takataka kwenye guta, nyanya chini, unga juu. Siku ya tatu tela linalaumiwa. Masikini, tela ni vyuma na magurudumu tu. Kinachoamua kama utafika na mayai mazima ni begi: limekaa wapi, limegawanywa vipi, limefungwa na nini.

Nimejumlisha orodha yako. Vya kupima kwa kilo ni 35. Mafuta lita tatu hayafiki kilo tatu, maana mafuta ni mepesi kuliko maji. Nazi kumi zilizofuliwa nimepima za kwangu kwa mzani wa muuza mkaa, zikagota kilo tano na nusu. Tunakaribia 43. Halafu unashangaa keria inakuvuta! Matela ya kiwandani ya magurudumu mawili kule Marekani, kama Burley Nomad, huandikwa kikomo cha kilo 45, na hayo yametengenezwa kwa ajili hiyo hasa. La kuchomelea mtaani mimi silibebeshi zaidi ya kilo 30. Bahati nzuri orodha yako inajigawa yenyewe. Jumatano beba vikavu: sembe, mchele, maharage, sukari na mafuta, hizo ni 30 kasoro kidogo. Jumamosi viazi, vitunguu, nazi na mboga, na utakuwa na nafasi ya papai.

Sasa begi. Shona mawili. La chini liwe la urefu sentimita 60, upana 40, kina 25, ambalo ni lita 60. Humo hulala vizito. La juu liwe fupi kidogo, la vitu vya kubembelezwa. Malighafi yangu ni bango la plastiki la matangazo, lile la harusi au la kampeni, ambalo shughuli ikiisha halina mwenyewe. La kampeni ndilo zuri, ni kubwa na gumu. Ila picha igeuzie ndani, la sivyo utazunguka mjini na mgombea kajilaza nyuma yako. Halipitishi maji, halioti ukungu, na likichanika unalitia kiraka.

Cherehani ya kawaida inatosha kwa kuta. Kwenye pembe, ambako mikunjo inafika minne, sindano itavunjika; mpelekee fundi viatu akupigie kwa msharasi na uzi wa nailoni. Mikono ya begi tumia mikanda ya siti za gari chakavu, gereji wanakupa kwa bei ya soda. Na hapa nisikilize vizuri, maana hapa ndipo mabegi mengi ya dukani yanapokufa: mkanda usiushonee mdomoni tu. Upitishe chini ya begi, uzunguke kama mkanda wa kiuno, upande wa pili utokee. Ukinyanyua, uzito wote ukae juu ya mkanda, siyo juu ya mshono. Tangu mifuko ya plastiki ipigwe marufuku tarehe 1 Juni 2019 tumeshaona wote ile mifuko laini ya rangi rangi inavyoachia mkono ukiitia nazi nne. Kitambaa kinabaki kizima. Kinachoachia ni ule mshono wa mdomoni.

Zipu usiweke. Chumvi ya pwani na mchanga vitaila kabla ya Ramadhani mbili. Acha mdomo uwe mrefu, ukunje mara tatu kama mfuko wa chipsi, kisha ubane kwa kile kifungo cha begi la shule. Chini tia kipande cha plaiwudi ili begi lisibinuke. Halafu ukifika sokoni, tela unalifunga kwa mnyororo mahali penye mtu wa kuliangalia, unaingia na begi tupu mkononi, unatoka nalo limejaa. Ndio raha yenyewe. Hakuna kuhamisha vitu mara tatu huku wachukuzi wanakupigia kelele upishe.

Kwa fundi wa tela mwambie haya. Magurudumu ya baiskeli ya mtoto, inchi 20. Ya toroli ni mazito na yanakwama mchangani. Kila gurudumu lishikwe pande zote mbili na fremu, kama lilivyoshikwa kwenye baiskeli yenyewe, maana ekseli ya baiskeli haikuumbwa kuning'inia upande mmoja, itapinda. Upana usizidi mlango wako wa uani, kapime kabla hujatoka nyumbani. Mkono wa kuvutia ushike kwenye ekseli ya nyuma upande wa kushoto, ule usio na mnyororo, na kiungo kiwe cha mpira mzito unaopinda kila upande, ili baiskeli ikilala tela lisilale. Pembeni ya kiungo weka mkanda wa akiba. Mpira ukikatika njiani, tela lisikuache likaenda kumsalimia mtu.

Na Phoenix ya baba, Mungu amrehemu. Breki zake ni za vyuma, zinabana rimu. Rimu ya chuma ikilowa hazishiki mpaka imezunguka mara kadhaa, na tela halina breki, breki ni zako peke yako. Wakati wa masika nenda kama uliyebeba bibi harusi. Badilisha vile vipira vya breki kabla ya kutia tela, visibakie vya marehemu.

*Bi Keria, shikamoo. Nimetengeneza tela, lina nguvu, lakini nikikaza mwendo linacheza kushoto kulia mpaka baiskeli nzima inatikisika. Fundi anasema magurudumu yamenyooka. Tatizo nini?*
*Kijana wa Mikanjuni*

Marahaba. Fundi wako hana kosa, wewe ndiye mpakizi. Vizito vimekaa nyuma ya ekseli.

Fanya hivi leo jioni. Pakia kama kawaida, fungua kiungo, shika mkono wa tela kwa vidole kwenye kimo kile kile unapofungwa. Ukihisi huo mkono wa tela unataka kupaa juu, ndiyo ugonjwa wako. Ukiwa mzito mpaka unabadilisha mkono, umezidisha mbele na utaiumiza ekseli ya baiskeli. Unatakiwa usikie sehemu moja ya kumi ya mzigo: kilo 30 ndani ya tela, kilo tatu mkononi, uzito wa jogoo mmoja aliyeshiba. Basi sogeza unga mbele taratibu mpaka umpate huyo jogoo. Kisha uweke alama ya rangi kwenye fremu, begi lijue kwao.

Mimi hili sikufundishwa, nililipia. Nilinunua tikiti moja kubwa, la kumbembeleza mjukuu, na kwa kuwa begi lilishajaa nikalitia nyuma kabisa, peke yake, bila mpira. Mayai trei moja, thelathini, nikayaweka juu, nikajiona fundi. Hadi relini lilikuwa salama. Relini nikavuka kimshazari, kwa haraka, kwa sababu kulikuwa na pikipiki inanipigia honi. Gurudumu moja likapanda chuma, jingine bado lipo chini, tikiti likaviringika hadi mwisho wa tela, mkono ukanyanyuka, na kuanzia hapo tela likawa mkia wa ng'ombe anayefukuza nzi. Sikuanguka. Niliteremka kwa aibu zangu nikakuta mayai kumi na moja ndiyo mazima. Tikiti lilikuwa limekaa katikati ya barabara halina hata mkwaruzo, na mtoto mmoja kasimama nalo ananiuliza, "Bibi, hili unauza?"

Kwa hiyo reli ivuke wima, kama unavyovuka mtu aliyelala, na kwa mwendo wa kutembea. Kumbuka tela ni pana kuliko baiskeli: wewe umekwepa shimo, lenyewe halijakwepa. Kona ikate kwa upana. Na likianza kucheza usifunge breki ghafla. Acha kupiga pedeli, lipoe lenyewe.

*Bi Keria, miezi miwili iliyopita ulisema gunia la katani linafaa kuliko salfeti kwa mzigo wa tela. Mimi nimekata mkonge miaka mingi. Katani ikinyeshewa inakunywa maji, inakuwa nzito, haikauki, na unga unaharibika. Umetupotosha.*
*Msomaji wa Pongwe*

Nimekosa, na nimekosa kwa mapenzi. Sisi wa Tanga mkonge ukitajwa vibaya tunaumwa tumbo. Nimekua nikisimuliwa habari za Mjerumani Richard Hindorf, aliyeagiza miche 1,000 kutoka Florida mwaka 1893 na ikafika 62 tu ikiwa hai, na mashamba yote haya yakazaliwa na hiyo 62. Mwaka huo huo ndipo reli ilipoanza kujengwa hapa mjini, hiyo hiyo iliyokula mayai yangu. Unaona basi, mtu akilelewa na hadithi hizo atakwambia katani inafaa hata kwa kushonea suruali.

Lakini umesema kweli. Gunia la katani liwe la nazi na viazi, wakati wa jua, vitu vinavyotaka kupumua. Unga na sukari visiingie humo. Salfeti nayo ina lake: haili maji, ila jua la mwaka mmoja linaifanya ipukutike kama magamba, ukiishika inakubakia mkononi.

Kwenye kamba sirudi nyuma. Kamba ya katani fundo lake linakaa. Manila ya plastiki inateleza na kunyooka njiani, umefunga Mgandini, ukifika Mabawa imeshalegea. Ubaya wa katani ni kwamba ikilowa inajikaza, na fundo lililolowa utalikata kwa kisu. Siku za kawaida mimi natumia mipira iliyokatwa kwenye tyubu chakavu, miwili inayopishana juu ya begi. Muulize muuza mkaa yeyote anayeteremka na magunia manne juu ya keria, hatumii kitu kingine.

*Bi Keria, mimi ni mzee wa miaka 71, nakaa Raskazone. Mjukuu wangu anayesoma Uholanzi kaniletea tela la Burley Travoy, linakunjika na lina mabegi yake mawili. Nataka kulitumia kubebea mtungi wa gesi wa kilo 15. Litaweza?*
*Babu wa Raskazone*

Shikamoo Mzee wangu. Mjukuu kakupenda, na ana akili. Ila mtungi huo hapana.

Kilo 15 ni gesi peke yake. Tazama shingoni mwa mtungi, uzito wa chuma kitupu umepigwa hapo. Ujumlishe, utakuta unazunguka 30. Travoy kikomo chake ni kilo 27. Halafu lina ulemavu mwingine kwa kazi hiyo: linashika kwenye nguzo ya kiti, kwa hiyo likivutwa linaegemea, na mtungi wa gesi unataka kusimama wima. Mwachie muuza gesi akuletee kwa pikipiki yake.

Kwa soko lakini, Mzee wangu, umepata farasi. Lichomoe kwenye baiskeli, livute kwa mkono kama kigari mpaka kwenye meza ya muuza mchicha, huna haja ya kuinama. Begi kubwa libaki chini, dogo juu. Wengi huyageuza, kisha wanalalamika kwamba linapinduka kwenye kona. Jambo moja la kuangalia ni nguzo ya kiti. Baiskeli zetu hizi za zamani nguzo zake ni nyembamba, kishikio kinaweza kuzunguka. Mwambie mjukuu asome kwenye karatasi kinataka unene gani, nawe ukapime yako. Na kusi likivuma wewe unatoka mjini umepakia, usione haya kushuka na kusukuma. Mie nasukuma, na nina miaka sita chini yako.

Barua tatu nazijibu kwa mkupuo, zinauliza kitu kimoja: mtoto anaweza kupanda kwenye tela la mzigo? Hapana. Hata kama analia. Hata kama ni pale tu.

Kijana wa Nguvumali, wewe unayerudi usiku: taa ya nyuma uliyonayo kwenye baiskeli sasa inazibwa na begi. Ihamishie mwisho wa tela, uongeze vioo vyekundu viwili pembeni ili dereva ajue upana wako, na kijiti kirefu chenye kitambaa cheupe. Kitambaa cha kanga ya zamani kinafaa, msemo wake hautasomeka lakini utaonekana.

*Shikamoo Bi Keria. Mimi nauza samaki wa kukaanga Chumbageni. Kila alfajiri nachukua samaki soko la Deep Sea kwa tela. Begi limeanza kunuka kiasi kwamba paka wananifuata. Nimefua kwa sabuni ya unga, nimetia marashi, wapi. Nifanye nini?*
*Muuza Samaki*

Marahaba mwanangu. Marashi! Sasa unanuka samaki wa harusi.

Kosa lilianzia pale ulipomtia samaki moja kwa moja kwenye begi. Begi ni nguo ya kuvaa juu. Ndani yake tia ndoo mbili za lita 20 zenye mifuniko, zile za rangi ya nyumba hata zikioshwa hazifai kwa chakula, usinidanganye, tafuta zilizokuja na mafuta ya kula. Barafu chini, samaki, barafu juu, mfuniko. Usijaze zote mbili pomoni: lita ya maji ni kilo moja, na barafu na samaki hawako mbali na hapo, ndoo mbili zilizojaa zinakupeleka kwenye kilo 40 na mimi nimeshasema 30. Zipange zikiwa zimegusana na ekseli, moja mbele yake, nyingine juu yake. Ukiyasikia maji yanapiga ndani, tia barafu zaidi au punguza mwendo, maana kitu kinachotembea ndani ya ndoo kinatembeza na tela.

Begi lililokwisha kunuka lisugue kwa majivu na ndimu kwenye pembe, ambako maji ya samaki yalituama, kisha ligeuze ndani nje na uliache juani siku mbili. Halafu toboa matundu manne madogo chini, begi la samaki lisiwe bwawa. Lianike juu ya paa la banda, siyo kwenye ukuta unaopakana na jirani. Mimi niliwahi kulianika ukutani siku ya maulidi, na hadi leo yule bibi haitikii salamu yangu mpaka niirudie mara ya pili.